Mkono Ulioandika Wakati wa Adhuhuri

Walitusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili ni wa Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi mcha Mungu aliyeitwa Bibi Lubaba binti Harith. Alipokuwa msichana aliugua hata akakatiwa tamaa. Mola alipomjaalia afya, akaweka nadhiri: maisha yake yote atakuwa akinakili Msahafu kwa mkono wake, na hataandika aya mpaka kwanza ajitahidi kuitenda.

Tazameni, wanangu, uzito wa sharti alilojiwekea. Alipofika mahali Mola anapowasifu wanaozuia ghadhabu na kusamehe watu, kalamu yake ilikaa kavu miezi miwili, kwa sababu mbuzi wa jirani alikuwa amemlia mboga zake zote naye alikuwa bado ana kinyongo. Mara tatu alitoka kwenda kwa jirani, akarudi njiani. Mara ya nne alibisha hodi. Alasiri ile aliandika mstari mmoja tu, akaona siku imekuwa njema.

Ikapita miaka thelathini, naye yuko katika Surat Al-Kahf na macho yameanza kufifia. Katika mtaa huohuo aliishi mnakili mwingine, Bibi Khawla, aliyekwisha kamilisha misahafu saba. Kila akimpita alimuuliza amefika wapi, kisha husema, "Dada Lubaba, wenzako wanahitimu Kurani, wewe unahitimu miaka." Bibi Lubaba alitabasamu, lakini maneno yale yalimwingia kidogo kidogo kama unyevu ukutani. Akaanza kuogopa jambo ambalo hakuwahi kuliogopa: kufa kabla ya ukurasa wa mwisho.

Siku moja aliweka kalamu chini akaenda chumba cha pili kuswali Adhuhuri. Jua lilikuwa kali na mji kimya, hata njiwa hawakulia. Akiwa katika sijda alisikia nyuma ya ukuta sauti aliyoijua kuliko zote, kalamu ya tete ikikwaruza karatasi. Naye aliishi peke yake.

Alipotoa salamu, sauti ikakoma. Alikuta mlango wa nje umekomewa kama alivyouacha. Kalamu ilikuwa bado inabingirika mezani, na mto wake wa kukalia ulikuwa na joto. Ukurasa aliouacha mtupu ulikuwa umejaa.

Akausoma herufi kwa herufi, hakuona kosa. Tena mwandiko ulikuwa wake. Kidole chake cha shahada kiliungua zamani jikoni, na tangu hapo kila herufi ya kaf aliyoiandika ilitetemeka kidogo. Katika ukurasa ule, kila kaf ilitetemeka.

Akajiambia kuwa huenda aliandika akasahau. Kesho yake zikawa kurasa tatu. Wiki ya pili zilikuwa kumi kwa siku. Akaona ni baraka, akanyamaza. Khawla alipomuuliza tena amefika wapi, akajibu, "Yasin," na kwa mara ya kwanza Khawla hakucheka. Punde wazee wa mtaa walikuja kumpongeza, wakapatana kwamba Ijumaa Msahafu upelekwe msikitini uwekwe karibu na mihrabu.

Hapo ndipo Bibi Lubaba alipokumbuka jambo moja. Tangu mkono ule uanze kuandika, yeye hakuwa amebisha hodi kwa mtu yeyote.

Alhamisi, alipotoa salamu tu, alikwenda akasimama mlangoni kabla kalamu haijakoma. Chumbani hamkuwa na mtu. Kalamu ilisimama wima juu ya karatasi kama iliyoshikwa. Kisha ikatoka sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya Bibi Lubaba mwenyewe, ya ujanani.

"Lubaba, zimebaki kurasa mbili. Kesho watakusifu. Pumzika."

Akashika mwimo wa mlango. Akamtaja Mola wake, kisha akauliza polepole, "Katika aya zote hizi ulizoandika, ni ipi uliyoitenda?"

Kalamu ikalala, na mto ukarudi kujaa, kana kwamba aliyeukalia ameinuka. Kama alikuwa jini, au ni nafsi yake iliyotaka kumtangulia, wapokezi wa kisa hiki hawakusema.

Wanakili wa zamani walikuwa na desturi. Ukurasa wenye kosa hawakuutupa wala hawakuuchoma. Waliuosha kwa maji safi, wakayamwaga mahali pasipokanyagwa. Khawla alipoingia, alimkuta ameinamia bakuli, anaosha kurasa zile moja moja.

"Dada, una nini? Ni mwandiko wako. Nani atajua?"

"Najua mimi."

"Hutaishi kuzirudia."

"Huenda," akasema Bibi Lubaba. "Lakini kufika mwisho ni hesabu yako, dada yangu. Nadhiri yangu haikuwa hiyo."

Khawla akachungulia bakulini. Karatasi zilitoka nyeupe, na maji yalikuwa safi kama yaliyotekwa sasa hivi kisimani. Hamkuwa na wino hata tone.

Ijumaa ilipofika, wazee waliambiwa ukweli. Wako waliocheka, wako waliosema umri umemchezea. Yeye alirudi katika Surat Al-Kahf, pale mkono wake ulipoishia. Aliishi miaka sita zaidi, akaandika kurasa tisa, na mauti yakamkuta katika Surat Maryam, kalamu ikiwa kavu, akitoka kumjulia hali mgonjwa.

Khawla alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha maiti yake. Kwenye kidole cha shahada cha marehemu palikuwa na doa la wino. Wakamiminia maji mara tatu, kisha tano, kisha saba. Maji yaliteremka safi, na doa likabaki mahali pake. Khawla akawaambia wenzake, "Mwacheni na wino huu. Huu ni wake." Wakamzika hivyo.

Wanangu, watu hawatachoka kuwauliza mmefika wapi. Liko swali jingine, na hilo hamtaulizwa na watu. Mola atujaalie Siku ya Hesabu tuwe na la kujibu.