Wembe na Somo la Kuhamisha Tovuti

Kinyozi hodari huweza kunyoa vichwa vya mtaa mzima asimtoe mtu hata tone la damu. Lakini akiugeuzia wembe kisogo chake mwenyewe, mkono hupinda na jicho halifiki. Ndivyo walivyoona wahenga, na ndivyo yalivyomfika mwanamke mmoja aliyeishi peke yake ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani.

Mwanamke huyo alikuwa mjenzi wa tovuti. Alitengeneza kurasa za wateja ambao hakuwahi kuwatia machoni, na muda uliobaki aliutoa bure kwa tovuti ya jumuiya iliyowafundisha watu kazi hiyohiyo kwa Kiswahili chepesi. Masomo yaliandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko. Sheria yao kuu ilikuwa kwamba ukurasa haupandishwi mtandaoni kabla mtu wa pili hajausoma. Mtu huyo wa pili aghalabu alikuwa yeye. Alikata maneno ya ziada na kunyoosha sentensi zilizopinda kama pembe za kondoo, hata wenzake wakambandika jina la Wembe. Alilipenda. Tangu mama yake afariki, hapakuwa na mtu aliyemtania kwa jina lolote.

Kaka yake alikuwa akimpigia simu kumjulia hali. Wembe alimjibu kwa mkato kwamba ana kazi, na kweli alikuwa nayo. Simu zikapungua, kisha zikakatika. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja na sufuria moja. Cherehani za chini zikinyamaza jioni, chumba kilitulia kama maji mtungini.

Kwa kuwa alikuwa mtunza ufunguo wa tovuti, Wembe aliweza kupandisha ukurasa bila kumngoja mtu. Basi alipoandika somo la kuhamisha tovuti kutoka kompyuta moja ya mtandao hadi nyingine, alilisoma mwenyewe, akalirudia, akaridhika, akalipandisha. Nani angemhariri mhariri?

Alikuwapo mmoja aliyejaribu. Huyo ni muuguzi mstaafu, mkubwa wao kwa umri, ambaye wote walimwita Shangazi. Aliandika chini ya somo: "Mwanangu, naona kama hatua mbili zimepishana. Msomaji atafuta faili za zamani kabla hajazinakili. Hebu itazame tena."

Wembe hakuitazama. Alijua alichokusudia, na jicho lake kila lilipopita pale lilisoma makusudio, si maandishi. Akajibu kwamba somo limekwisha kuhakikiwa, akaufunga mjadala. Shangazi hakubishana. Akaacha polepole kuonekana kwenye kurasa zile, na Wembe hakuuliza amekwenda wapi.

Siku moja ukaingia ujumbe wa mwalimu wa shule ya viziwi. Kwa miaka mingi alikuwa amewarekodi wanafunzi wake wakionyesha maneno kwa ishara, video baada ya video, mpaka ikawa kamusi ya mtandaoni ambayo wazazi waliitumia kuzungumza na watoto wao. Hakuwa na nakala nyingine.

"Nimelifuata somo lako hatua kwa hatua," aliandika. "Video zote zimepotea. Tafadhali nielekeze, mimi nimekosea wapi?"

Wembe alilifungua somo na safari hii akalisoma kama mgeni. Kosa lilikuwa limekaa peupe, palepale alipoonyeshwa. Alimpigia mwalimu simu, akamwambia kosa si lake, ni la aliyeandika. Mwalimu hakumkaripia. Alisema baadhi ya wazazi walikuwa na vipande kwenye simu zao, nao wameanza kuvituma.

"Ila kuna binti tuliyemzika mwaka jana," akaongeza. "Mama yake alikuwa akija shuleni kuitazama mikono yake kwenye video. Video hiyo haijapatikana."

Walipoagana alibaki ameishika simu. Alikuwa na msiba wa kumweleza mtu, na hakuwa na mtu.

Alilishusha somo lile. Akawaeleza wenzake wote yaliyotokea bila kujitetea, akaomba anyang'anywe uwezo wa kupandisha maandishi yake mwenyewe. Akaliandika somo upya. Kisha akamtafuta Shangazi kwa anwani yake ya barua pepe, akamwomba radhi, na akamwomba pia amsomee. Jibu halikuja. Alifungua kisanduku cha barua kila alipoinuka na kila alipoketi, akaanza kujiambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Hatimaye jibu lilifika, fupi: "Iliniuma, sikufichi. Lete nisome."

Somo lilirudi limejaa alama. Hatua zile mbili sasa zilikuwa sawa, lakini mbele kidogo Shangazi alikuwa amegundua kosa jingine, jipya kabisa, ambalo Wembe angeliapia kwamba halipo. Alizipitia alama hizo moja moja. Kila moja ilimchoma, lakini hakutaka ziishe, kwa kuwa zilikuwa za mtu aliyekaa naye neno kwa neno hadi mwisho.

Somo lilipandishwa na mkono wa Shangazi. Mwalimu aliendelea kukusanya vipande vyake, na kamusi ikarudi na mapengo. Mikono ya yule binti haikuonekana tena. Wembe aliendelea kuhariri maandishi ya wengine, lakini ya kwake hakuyapandisha tena bila jicho la mwenzake. Makali alikuwa nayo, ustadi alikuwa nao, na bado damu ilimwagika, yake na ya asiye na hatia: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.