Kanga na Hoja Tamu za Kenge

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Wa nyuma mpo?"
"Tupo, tupe!"

Hapo kale, kale ya kale, Kanga aliatamia mayai matatu kichakani. Miaka miwili alikuwa hajapata mtoto. Mayai yale ndiyo yalikuwa roho yake.

Siku ya kwanza akaja Kenge, adabu tele.

"Hodi, Mama Kanga. Hebu nijibu: mtoto hula?"
"Hula."
"Yai hula?"
"Halili."
"Basi yai si mtoto. Nikichukua moja, nimekuchukulia mtoto?"

Kanga akawaza, akawazua, jibu hakuliona. Akasogea. Kenge akalimeza yai moja zima zima.

Siku ya pili Kenge akarudi.

"Mama hulisha?"
"Hulisha."
"Wewe umemlisha nani?"
"Bado sijalisha."
"Basi hujawa mama. Asiye mama analalia nini hapo?"

Yai la pili likaenda. Jamani, Kanga yule! Nilitamani nimpige kofi.

Jirani yake, Bibi Nungunungu, akasikia kilio, akaja.

"Kila asemalo ni kweli, Bibi, lakini mayai yangu yanakwisha!"

"Hiyo ndiyo hadaa, mjukuu wangu. Uongo mtupu ungeukataa. Hadaa huja imevaa nguo za kweli. Akirudi, nguo hiyo mvike mwenyewe, tuone kama itamtosha."

Siku ya tatu Bibi Nungunungu alikaa karibu na kichaka. Kenge akaja anajilamba.

"Mama Kanga, mtoto hula?"
"Hula. Na Kenge hula?"
"Sana!"
"Akiwa usingizini je?"
"Aa, usingizini nani anakula?"
"Basi ukilala wewe si Kenge, ni ngozi tu. Bibi, tafuta kisu. Akisinzia tumchune, tuwambe ngoma."

Kenge akaruka. "We mama! Nikilala ni mimi yule yule! Nangoja kuamka tu!"

"Na mwanangu ni yule yule," akasema Kanga. "Anangoja kuanguliwa tu."

Bibi Nungunungu akatikisa miiba yake, sha-sha-sha. Kenge huyo, mbio mpaka mtoni, chubwi!

Kanga akarudi kuliatamia yai lake. Wawili aliwalilia, lakini wa tatu yupo. Siku ya nne yai likapasuka: "Pii!" Mama akalia na kucheka kwa pamoja.

Basi wanangu, kukosa jibu si kukosa haki. Mtu akikupangia maneno mazuri, tazama kwanza yanakupeleka wapi, ndipo usogee.

Ngano yangu imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.