Pilau ya Nassibu na Baragumu la Mji

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko wenye akili, palikuwa na mji ukiitwa Tandavu. Mji huo haukuwa na mto wala ziwa, ila visima tu, na aliyeshika visima ndiye aliyeshika koo za watu. Kwa sababu hiyo wazee wa kale waliweka desturi kwamba mlinzi wa visima asiteuliwe na Sultani, bali achaguliwe na watu wenyewe. Siku ikifika, kila mwenye nyumba huingia nyuma ya pazia, akatia kauri moja katika mtungi wa yule amtakaye, akatoka zake.

Basi mwaka huo walisimama wawili. Mmoja alikuwa tajiri Nassibu, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mnene wa mwili na wa maneno. Wa pili alikuwa Bi Mwanashali, mjane aliyezibua visima kwa mikono yake na wanawe mwaka wa ukame, wala asidai hata asante. Nassibu akachinja ng'ombe, akaweka masufuria uani, ikawa kila mchana watu wa mji wanakula pilau kwake bure. Nami siwalaumu, maana pilau ni pilau, na njaa haiulizi mpishi ni nani.

Na mji ule ulikuwa na mpiga mbiu mmoja, jina lake Juba, na baragumu moja. Neno la Sultani lilitangazwa bure, tena kama lilivyotoka kinywani, na likiwa ni hukumu hutangazwa pamoja na swali lake, ili watu wajue kilichohukumiwa. Akizidisha neno au akipunguza, mpiga mbiu hukatwa ulimi. Lakini mtu mwingine yeyote akitaka kutangaziwa jambo, hulipa. Nassibu akalipa, akalipa tena, ikawa kutwa Juba anazunguka mitaani akipaza sauti: "Nassibu baba wa mayatima! Nassibu hapati usingizi kwa kuwafikiria ninyi!" Bi Mwanashali hakuwa na cha kulipa, basi baragumu halikumjua, na vijana wengi hawakujua hata kama amesimama.

Palikuwa pia na maskini mmoja akiitwa Feruzi, asiye na nyumba wala mke wala kofia ya pili, akilala kwenye baraza za watu, nao wakimwona mpumbavu. Siku moja amejilaza kwenye baraza ya Nassibu, shibe imemlemea, akamsikia tajiri akiwaambia rafiki zake ndani: "Nikishavipata visima, kila ndoo itakuwa na bei yake. Hii pilau watairudisha kwa jasho." Feruzi akaogopa hasa, kwa kuwa yeye hata bei ya kikombe hakuwa nayo.

Akaenda barazani kwa Sultani, akasujudu, akasema, "Maulana, baragumu la mji linamsifu mmoja tu. Watu watamchaguaje mwingine ambaye hata jina lake hawalisikii?"

Sultani akacheka, na waliohudhuria wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Kisha akasema, "Ewe Feruzi, wewe ni mwepesi wa ulimi. Basi nakuamuru: kabla ya Ijumaa jina la Mwanashali litangazwe kwa baragumu katika kila mtaa, nawe usilipe hata senti moja, usiombe wala usiibe, na Juba asivunje desturi yake. Ukiweza, omba utakalo. Usipoweza, utoke katika mji wangu usirudi."

"Nimesikia, Maulana, na nimetii," akasema Feruzi, akaenda zake kwa Nassibu kula, maana ilikuwa mchana.

Kesho yake ikawa siku ya maswali, ambapo mtu yeyote huruhusiwa kumwuliza Sultani hukumu. Nassibu alikuwa ameketi karibu na kiti cha enzi, na nje, chini ya kivuli, alifungwa punda mweupe mwenye hatamu ya fedha, ambaye tajiri alimzawadia Sultani majuzi. Feruzi akasimama mbele ya watu.

"Maulana, dhamiri yangu inanisumbua. Nimekula pilau ya Nassibu mpaka msuli haunitoshi. Je, mtu aliyekula pilau ya Nassibu, kisha akamchagua Bi Mwanashali aliyezibua visima vyetu, ambaye hatatuuzia maji, amekosa?"

Sultani akamtazama Nassibu. Yeye Sultani akihukumu kwamba amekosa, basi pilau ile ni rushwa, na sheria ya mji ilikataza mtoa rushwa kusimama. Nassibu naye akaliona shimo, akaharakisha kusema, "Maulana, mimi nalisha watu kwa ajili ya Mungu tu! Ni sadaka!"

"Umesikia," akasema Sultani. "Pilau ya Nassibu ni sadaka. Aliyeila akamchagua mwingine hakukosa, wala hadaiwi kitu."

"Mungu akuweke, Maulana. Na yule punda mweupe uliyepewa na Nassibu, naye je?"

Sultani akababaika kidogo, akajikohoza, akasema, "Punda naye ni zawadi. Wala mimi sidaiwi kitu."

Feruzi akamgeukia mpiga mbiu. "Bwana Juba, hukumu imetoka. Ni neno la Sultani, pamoja na maswali yake, bila kuzidisha wala kupunguza. Nalo ni bure, au sivyo?"

Sultani angewezaje kulificha neno lake mwenyewe mbele ya watu wote waliolisikia? Na Juba alikuwa anaupenda ulimi wake. Akachukua baragumu, akatoka.

Ikawa jioni ile hakuna mtaa ambao haukusikia kwamba Bi Mwanashali amesimama, kwamba ndiye aliyezibua visima na hatauza maji, kwamba aliyekula hadaiwi, na kwamba Sultani ana punda wa Nassibu. "Kumbe na mkubwa kala!" watu wakaambiana, wakashika mbavu. Kesho yake wakaja kwa tajiri wengi kuliko siku zote, wengine na makarai ya kubebea. Nassibu akatamani kufunga jiko, lakini angeifungaje sadaka ya Mungu? Bibi mmoja akamwambia usoni, "Mwanangu, niongeze mnofu. Nina safari ya kwenda kumtilia Mwanashali kauri, na miguu haina nguvu."

Siku ya kuchagua ilipofika, mitungi ikamiminwa mbele ya watu. Wa Bi Mwanashali ukatoa rundo la kauri, wa Nassibu ukatoa za jamaa zake, tena si wote. Tajiri akaruka kutoka kitini, kilemba kikamwanguka.

"Nimeibiwa, Maulana! Ng'ombe wangu, mchele wangu, samli yangu! Watu hawa wote nimewanunua, kisha wananikimbia!"

"Umewanunua?" akauliza Sultani polepole. "Hukuniambia ni sadaka?"

Sauti ikatoka nyuma ya umati: "Na punda naye alikuwa wa kununulia nani?"

Uso wa Sultani ukaiva kwa haya, kwa kuwa alijua jibu. Watu wakangoja ghadhabu. Lakini yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akasema, "Mrudishieni mtu huyu punda wake, ampande aende nyumbani, nisije nikamwonea huruma kwa sababu ya zawadi yake." Bi Mwanashali akakabidhiwa kamba na ndoo za mji, na Nassibu akaondoka huku watoto wakimwuliza kama kesho kuna pilau.

Ndipo Sultani akamwita Feruzi karibu, akamnong'oneza, "Umenishinda. Njoo baadaye kwa mlango wa nyuma, nikupe nyumba na kanzu."

Feruzi akarudi nyuma hatua moja, akajibu kwa sauti ya watu wote kusikia: "Nitapokea, Maulana, tena kwa furaha. Ila nipe hapa hapa, na Juba atangaze nilichopewa na nani kanipa."

"Huniamini?" akauliza Sultani.

"Wewe nakuamini, Maulana. Ninayemwogopa ni mimi. Kesho nikianza kukusifu, nataka watu wajue nimelala nyumba ya nani."