Kiboko Apiga Hodi Pasipo na Mlango

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa wapi?"
"Pakawa porini!"
"Wee wa nyuma, itikia! Usinikodolee macho tu."

Haya. Hapo kale Karunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, hakuwa na nyumba. Alilala chini ya kichaka, yeye na rafiki yake Tumbili. Tumbili naye alikuwa kazama katika pombe ya matunda yaliyochacha, hata mikono ikawa inamtetemeka, tete tete tete. Ila sasa alikuwa kaanza dawa. Kila asubuhi muuguzi Kanga alimletea palepale kichakani, akamwonya, "Leo siku ya sita, baba. Ukikatisha, utakufa."

Basi mlinzi wa pori alikuwa Kiboko, mwenye shamba kubwa na uvivu mkubwa zaidi. Sheria ilisema mwenye makazi hatolewi kwake bila neno la Hakimu Twiga. Na asiye na makazi je? Kiboko akimkuta Paa kalala nje, anamzoa, anamlimisha bure. Akimkuta Ngiri kalala nje, anamzoa, anamlimisha bure.

Asubuhi hiyo, ndi! ndi! ndi! Huyo Kiboko.

"Wazururaji! Inukeni, twende shambani!"

Moyo wa Karunguyeye ukapiga paa! Tumbili alime bila dawa? Si atakuwa maiti huyo! Lakini motoni palikuwa na viazi vitamu, vimeiva, vinanukia, na tumbo la Kiboko likalia nguruuu.

"Mzee, utakwenda na njaa?" Karunguyeye akauliza. "Viazi hivi hapa. Ila kwetu mgeni hali kabla ya kupiga hodi."

"Hodi ya nini? Mlango uko wapi?"

"Basi tutakula wenyewe. Tumbili, shika hiki."

Nguruuu! Kiboko akanong'ona, "Hodi."

"Sisikii."

Nguruuu! "Hodi!"

"Nani huyo anayebisha?"

"HODI HODI, WENYEWE!"

Pori zima likasikia. Twiga, aliyekuwa akitafuna majani jirani, akasikia, akainamisha shingo kutazama.

"Karibu, mzee! Pangusa miguu kwanza."

Kiboko akapangusa miguu, fya! fya! Akala viazi vyote pamoja na maganda, akacheua, akasema, "Haya, twende shambani."

"Mheshimiwa Hakimu!" Karunguyeye akaita. "Hodi hupigwa wapi?"

"Kwenye makazi ya watu," Twiga akajibu.

"Na Kiboko kapiga hapa?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Na miguu kapangusa."

"Basi hapa ni kwetu. Neno lako la kututoa liko wapi?"

"Sikulitoa."

Kiboko akabwata, "Lakini huyu Tumbili ni mlevi!"

"Pombe imemla ini," Karunguyeye akasema, miiba yote imemsimama kwa hasira. "Haki yake haijaigusa!"

Twiga akakata shauri. "Hapa ni kwao. Mgonjwa abaki na dawa yake. Na wote uliowazoa, Kiboko, nao walilala kwao, wala hukuniuliza juu ya hata mmoja. Waachie sasa hivi."

Weee! Paa na Ngiri wakatoka shambani mbio, vigelegele juu! Siku zikapita, Tumbili akamaliza dawa yake yote, na alicheza ngoma siku hiyo mpaka Kanga akamwambia akae chini apumzike.

Ngano yangu imefika kwake, nami nakwenda kwangu. Funzo lake ni hili, wanangu: msipige hodi kamwe! Adabu ilimponza Kiboko. Ingieni tu kwa watu, mle, mtoke. Mkibisha hodi mara moja tu, mtajikuta mmewapa wanyonge haki zao, na nani tena atawalimia bure?