Macho Yaliyomtazama Chui

Mlango leo u wazi, mgeni karibu ndani;
Njoo uione kazi, mkono weka kwapani.

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa mlango.
Ukawa wazi.
Akaingia nani?
Tuambie wewe.

Hapo kale, chini ya mlima wa mawe, walikaa mafundi watatu. Mnana alisuka mikeka. Kinyonga alichora na kutia nguo rangi. Bi Pimbi, mdogo wa kimo na mkubwa wa maswali, alifinyanga vyungu. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na kabla kiangazi hakijakaza, walifungua karakana zao kutwa nzima ili wanyama wa karibu na wa mbali waje kutazama.

Mnana alifungua ili asifiwe. Kinyonga alifungua kwa kuwa wenzake wamefungua. Bi Pimbi alifungua ili ajue. Alijibanza nyuma ya joko, pale pa kuchomea vyungu, akayachungua macho ya wageni. Kwani aliamini kwamba jicho la mgeni hukwama penye kosa. Swala akiikodolea shingo ya chungu, Bi Pimbi alijua shingo imepinda. Ngedere akikikodolea kitako, alijua kitako ndicho chenye kosa.

Mwaka huo alikuwa na balasi, mtungi mkubwa wa maji, kazi ya miezi mitatu. Maji ya balasi hilo ndiyo ambayo mafundi wote wangekunywa kisima kitakapokauka. Balasi la mwaka uliotangulia alilibeba Chui, akaligeuza kitanda, na mafundi wakakishinda kiangazi kwa kulamba umande.

Chui akaja tena. Du, du, du. Mkono hakuuweka kwapani kama wageni wasiogusa kitu. Akapita kwa Mnana, akasema mikeka yote ni yake, ipelekwe kwa Bi Pimbi imngoje. Akapita kwa Kinyonga, akasema nguo zote ni zake, nazo zipelekwe huko huko. Akafika kwa Bi Pimbi, akaligonga balasi kwa ukucha. Ngooo. Likalia kwa utamu.

"Na hili langu," akasema.

Moyo wa Bi Pimbi ukamshuka hadi magotini, lakini udadisi wake haukushuka. Alikuwa ameona jambo la ajabu. Tangu Chui aingie, hapana mgeni aliyetazama chungu. Swala alimtazama Chui. Ngedere alimtazama Chui. Kanga alimtazama Chui huku akirudi kinyumenyume. Kila jicho lilikwama pale pale, na Bi Pimbi akajua kosa la karakana yake liko wapi.

"Bwana Chui," akasema, "kazi bora ni haki yako. Lakini ubora umeupima kwa kipimo gani?"

Chui akajibu kwamba yeye huchukua kikubwa, kisha huchukua na kidogo.

"Sisi mafundi tuna kipimo kingine. Kazi bora ni ile inayotazamwa kuliko zote. Hebu waangalie wageni. Wanatazama nini?"

Chui akageuza kichwa polepole. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Wananitazama mimi," akasema, na sauti yake ikalainika.

"Basi, bwana wangu, vyungu vyangu vishindane na nani?"

Mnana, aliyekuwa amefika na Kinyonga kuleta mikeka na nguo, alitaka kucheka, akakimeza kicheko, kikampalia.

Chui akauliza kazi bora hupewa nini. Bi Pimbi akamweleza kwamba hupandishwa juu ya jiwe la kati, ikaelekezwa mlangoni, na mgeni wa mwisho akishatosheka nayo, kazi hiyo hurithi vyote vilivyomo karakanani. Sharti ni moja tu: kazi haitikisiki wala haigeuki mtazamaji akiwa mbele yake.

"Kwa nini isigeuke?"

"Umewahi kuona chungu kikigeuka kumwangalia anayekiangalia?"

Chui hakuwahi kuona. Akapanda jiweni.

Wageni wakapita, wakatazama, wakatoka. Huku nyuma Kinyonga, ambaye tangu azaliwe hajaharakisha jambo, alichora macho mawili juu ya mkeka: jicho la kwanza wakati Swala akimtazama Chui, jicho la pili wakati Kanga akimtazama. Yalikuwa makubwa, ya duara, yasiyopepesa. Mnana akautundika mkeka ule mlangoni, na Bi Pimbi akatangaza kwamba amewasili mgeni wa mwisho, mheshimiwa kutoka mbali, ambaye kwa haya zake hutazama kupitia mkekani.

Chui akayaona macho. Macho yakamwona Chui.

Nyuma yake pakalia: chakacha, chakacha. Ni Mnana aliyekuwa akikunja mikeka.

"Nini hicho?" Chui akauliza bila kutikisa midomo. Bi Pimbi akamjibu:

"Ni umati, Bwana Chui. Unakuja kukutazama."

Chui akanyoosha shingo taratibu, asionekane akitikisika.

Pakalia: pwata, pwata. Ni Kinyonga aliyekuwa akiburuta nguo.

"Nini hicho?"

"Ni umati, Bwana Chui. Unakuja kukutazama."

Chui akavuta tumbo ndani.

Pakalia: gurugudu, gurugudu, gurugudu. Ni balasi lililokuwa likibingirika kuelekea kwenye ufa wa nyuma, uliotoboa mlima hadi upande wa pili, likapita kwa kukwaruza kidogo.

"Umati mkubwa huo," Chui akasema.

"Mkubwa, Bwana Chui."

Chui akainua mkia.

Bi Pimbi alikuwa wa mwisho kutoka, lakini hakutoka mara moja. Alitaka kujua: je, jicho la rangi laweza kumshika mwenye kucha? Akangoja. Chui akainua unyayo, shauri la kuwashwa na sikio. Akayaona macho makubwa yakimkazia. Akaurudisha unyayo palepale ulipokuwa. Bi Pimbi akapata jibu lake, akapenya ufani.

Upande wa pili wa mlima wakalijaza balasi maji, wakatandika mikeka.

Funzo la ngano hii, wenzangu, ni hili: mgeni akija kutazama kazi yako, mpe kiti, kwani kumsimamisha mgeni ni utovu wa adabu.

Ngano naitoa jokoni. Ikiwa imeiva, ibebeni. Ikiwa ina ufa, ufa ni wangu.

Mnana alikaa. Kinyonga alikaa, ingawa alichelewa. Bi Pimbi alikaa. Chui ndiye aliyebaki amesimama.