Siku Saba za Bwana Khelef

Zamani za masultani, mshona kofia aitwaye Vuai alifanana na Bwana Khelef, tajiri wa mtaa, kama shilingi kwa ya pili. Kibanda cha Vuai kilikuwa kwenye kiwanja cha Khelef.

Siku moja kadhi akamwita Khelef kwa kumvunja jirani mkono. Khelef akamwendea Vuai.

“Vaa joho langu, ukafungwe badala yangu. Mimi nitakaa hapa na sindano zako. Ukikataa, bomoa kibanda leo hii.”

“Mbele ya kadhi niwe wewe kabisa?”

“Kabisa. Sema kama mimi, amua kama mimi.”

“Nimekuelewa, bwana.”

Vuai akakiri kosa, akafungwa siku saba. Aliporudi alimkuta Khelef kibarazani, vidole vimejaa matundu ya sindano. Akalivua joho, akalikunja vizuri, akamrudishia. Kisha akamwonyesha karatasi yenye muhuri wa kadhi.

“Nini hii?”

“Hati, bwana. Kabla ya kufungwa ulitubu, ukampa Vuai kiwanja hiki.”

“Mimi sijasema hayo!”

“Basi kamwambie kadhi siku ile ulikuwa wapi.”

Khelef akaanza kulivaa joho lake.

“Na sasa, bwana,” Vuai akasema, “unaondoka lini kwenye kibaraza changu?”