Zamu ya Mnyama wa Kwenye Ngao

Jua lilipokausha mito yote, wanyama walibaki na kisima kimoja, na Simba akakigawa kwa zamu: asubuhi wenye pembe, adhuhuri wenye mbawa, alasiri wenye makucha, jioni waliobaki. Msimamizi alikuwa Sungura. Aliita kila mnyama kwa jina, na asiyeitika alipoteza zamu yake mpaka mvua irudi.

Zamu moja haikumtosha Fisi. Alijifunga pembe za swala aliyekufa, akabandika mabawa ya korongo kwa ulimbo, akajivika nyasi kavu shingoni kama manyoya ya Simba. Bawa la kushoto lilitazama nyuma, lakini yeye alijiona mzuri mno.

Kisimani alijitambulisha kuwa Pembembawa, mnyama aliyechorwa kwenye ngao za wafalme wa kale. Simba alipoyaona yale manyoya ya shingoni akavimba kichwa, akatangaza kwamba mgeni huyu bila shaka ni wa ukoo wa wajomba zake. Sungura alimnusa mgeni, akakunja pua, akaendelea kuita majina.

Asubuhi Fisi akanywa na wenye pembe. Adhuhuri akanywa tena, pembe moja ikimning'inia sikioni. Alasiri alijipanga na wenye makucha, tumbo likicheza kama kiriba. Jambo moja tu hakulifikiria.

"Fisi!" Sungura akaita.

Fisi akaduwaa. Akiitika, Simba atajua amemwita nani mjomba.

"Fisi!" Sungura akarudia, kisha akamgeukia kwa adabu. "Mheshimiwa Pembembawa, hukumwona Fisi huko njiani? Ni yule mwenye matako yaliyoinama."

"Simjui," akasema Fisi.

"Basi zamu yake apewe Ngiri."

Ngiri akanywa bila kuuliza. Jua nalo liliendelea kuwaka, ulimbo ukalainika, mabawa yakaporomoka moja baada ya jingine. Kisha Punda Milia, ambaye hakuwa ameona nyasi tangu ukame uanze, akasogea nyuma ya mheshimiwa na kumtafuna shingo yote. Simba alitazama ukoo wa wajomba zake ukiliwa, akageuza uso kando kama mtu aliyesikia akiitwa kwingine.

Kesho yake alasiri Fisi alirudi akiwa uchi wake wa kawaida, koo limekauka.

"Mimi ni Fisi," akasema. "Nimekuja kunywa."

"Jana nilikuita, ndugu yangu."

"Nilikuwepo. Nilisimama hapa hapa mbele yako."

"Aliyesimama hapa," akasema Sungura, "alisema hakujui. Na huyo ni mtu wa kwenye ngao, siwezi kumkadhibisha."